Kusafirisha majeruhi baada ya maafa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na kamati za vijiji, kuanzia Mai Mahiu hadi Budalangi

Majibu haya nimeyaandikia kamati za maafa za wadi, wazee wa Nyumba Kumi, viongozi wa vituo vya boda boda, na makanisa na shule zenye mabasi, katika ukanda unaoanzia Mai Mahiu, ukapita Nakuru, Salgaa na Londiani, ukateremka Kericho na Ahero hadi Kisumu, Kakamega na Budalangi. Hayachukui nafasi ya mafunzo ya huduma ya kwanza. Mafunzo hayo hutolewa na Msalaba Mwekundu na pia St John Ambulance, na kila kamati ihakikishe ina watu kadhaa waliopitia.

Kubeba majeruhi si kazi ya serikali ya kaunti? Kwa nini kijiji kiwe na mpango wake?

Ni kazi ya kaunti, na msikubali kuambiwa vinginevyo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za ambulensi, zimamoto na kukabiliana na maafa. Kamati ina haki ya kumwuliza mwakilishi wadi na idara ya afya: ambulensi yetu hulala wapi, nani hushika simu usiku, mafuta yake yanatoka wapi.

Lakini saa ya kwanza ni ya majirani. Bwawa la Patel lilipopasuka kule Solai usiku wa tarehe 9 Mei 2018, watu zaidi ya 40 walikufa, na waliotangulia kuwatoa wenzao kwenye matope ni wale wale waliosalimika. Mai Mahiu, maji yaliposhuka gizani tarehe 29 Aprili 2024, ikawa vivyo hivyo. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa ndani ya dakika chache tu. Ambulensi inayotoka Nakuru mjini haiwezi kumwahi, hata dereva awe hodari namna gani. Mpango wa kijiji unashughulikia muda ule ambao kaunti haijafika, kisha unaikabidhi kaunti kazi iliyopangika.

Ambulensi iliyo karibu nasi ni moja tu. Sasa tunapanga nini?

Mnapanga maamuzi. Kikao cha kwanza cha kamati karibu kila mara huanza kwa kuhesabu magari, na mwisho wake watu hutoka wamevunjika moyo. Ukweli ni kwamba ajali ikitokea barabarani kwetu, magari hayakosekani. Pikapu za mboga zitasimama, matatu zitashusha abiria, Probox zitageuza, lori la miwa litajitolea. Anayekosekana ni mtu mmoja aliyesimama mahali pa kupakia, akisema hili liende Molo, hili Kericho, na wewe subiri kidogo kuna mama anatolewa.

Asipokuwepo, mambo huenda hivi. Walioumia kidogo ndio wanaoondoka kwanza, kwa kuwa miguu yao inawafikisha kwenye gari. Kila dereva anakimbilia hospitali anayoijua, na mara nyingi wote wanaijua ile ile moja. Aliyebanwa kwenye vyuma anapotolewa na kufikishwa pale, anawakuta madaktari wachache wamezingirwa na watu wenye michubuko na mikono iliyoteguka. Jambo hili limeonekana katika maafa ya kila aina, nchi tajiri na nchi maskini. Basi kama kamati yenu ina nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanyeni hili: chagueni msimamizi wa upakiaji.

Huyo msimamizi wa upakiaji awe nani, na afanye nini hasa?

Awe mtu mtulivu, mwenye sauti, anayeheshimika, na ambaye hataondoka pale. Asiwe dereva. Asiwe mtoa huduma ya kwanza, kwa sababu akiinamia jeraha moja hataona mengine. Chifu anafaa, ila mara nyingi chifu huvutwa na simu za wakubwa. Mimi ningemchagua mwalimu, karani wa kituo cha kununulia maziwa, au mhudumu wa afya ya jamii, mtu aliyezoea kuandika orodha huku watu wakimsukuma. Chagueni naibu wawili pia, maana siku ya maafa huenda mwenyewe yuko safarini, au yumo miongoni mwa walioumia.

Anahitaji koti la kung'aa, daftari, kalamu mbili, tepu nyeupe ya kuandikia na simu yenye chaji. Kwenye daftari anaandika namba ya majeruhi, jina au maelezo yake, rangi yake ya uzito wa majeraha (rangi nazieleza hapa chini), namba ya usajili ya gari, hospitali anakopelekwa na saa ya kuondoka. Namba ile ile anaiandika kwenye kipande cha tepu na kukibandika kifuani au mkononi mwa majeruhi.

Halafu anapiga simu hospitali, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Hasemi tu kwamba kuna ajali. Anauliza: mnaweza kupokea wangapi waliozidiwa sasa hivi? Wakisema wawili, anawapelekea wawili, na wa tatu anampeleka kwingine hata kama ni mbali zaidi.

Fikirieni makutano ya Londiani, ambako lori liliwavamia wachuuzi na magari jioni ya tarehe 30 Juni 2023 na kuua zaidi ya watu 50. Mtu aliyesimama pale ana hospitali ya Londiani karibu, hospitali ya rufaa ya Kericho upande mmoja, na Molo kisha Nakuru upande wa pili. Njia ni nyingi, na kila moja ina faida yake na hasara yake. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa madereva ishirini, kila mmoja akiamua peke yake huku abiria wake wakilia.

Akifika afisa wa kaunti au timu ya Msalaba Mwekundu, msimamizi anamkabidhi daftari na kumweleza yaliyokwisha fanyika. Hakuna kugombania ukubwa.

Tutajuaje nani atangulie?

Kwa rangi nne, ambazo pia wahudumu wa ambulensi na hospitali huzitumia, hivyo mtaelewana.

Anzeni kwa kupaza sauti: “Anayeweza kutembea aje huku!” Watakaokuja ni kijani. Waketisheni upande, mbali na magari, na mmoja wenu akae nao ili wasijipakie wenyewe. Kumbukeni kwamba kijani anaweza kubadilika, kwa hiyo atazameni tena kila baada ya dakika kadhaa.

Kisha nendeni kwa waliobaki, mmoja mmoja, bila kukaa sana kwa yeyote. Hapumui? Inua kidevu chake na ufungue njia ya hewa. Akianza kupumua, ni nyekundu. Asipopumua kabisa, ni mweusi, na hapo mnapita kwenda kwa mwingine. Najua ni vigumu mno kumwacha mtu hivyo, hasa mkiwa mnamfahamu, lakini mikono ni michache na kuna wanaoweza kuokolewa. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu. Ambaye mpigo wa damu hausikiki kwenye kifundo cha mkono ni nyekundu. Asiyeweza kufuata agizo dogo, kama vile “nishike mkono”, ni nyekundu. Anayetoka damu nyingi, izuieni hapo hapo. Wanaobaki, wenye mguu uliovunjika lakini wanaongea vizuri, ni manjano: wataondoka baada ya nyekundu.

Watoto wadogo hupumua haraka kuliko watu wazima, kwa hiyo kipimo cha 30 hakiwafai. Ukiwa na shaka juu ya mtoto, mhesabu nyekundu.

Anayepiga kelele zaidi si ndiye aliyeumia zaidi?

Hapana. Anayepiga kelele anapumua, na ubongo wake unapata hewa. Mwangalie sana aliyenyamaza, aliyepauka, anayetokwa na jasho baridi.

Tumpeleke hospitali iliyo karibu au kubwa?

Inategemea kinachomwua. Kama hapumui vizuri, au damu haikubali kusimama, mpelekeni kituo cha karibu chenye daktari au afisa wa kliniki na oksijeni, watulize hali kisha watoe rufaa. Kama anapumua vizuri na damu imedhibitiwa, lakini ameumia kichwa, kifua au tumbo, kuna maana ya kupita zahanati na kwenda moja kwa moja mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na damu ya kuongezea. Zahanati haina chochote cha kumfanyia isipokuwa kumwandikia barua.

Kwa ukanda wetu, hospitali kubwa kabisa za rufaa ni Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, na hospitali ya mafunzo na rufaa ya Moi mjini Eldoret. Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi bado wanaiita PGH. Kakamega, Kericho na Kisii zina zao. Vituo vya kanda vya kuhifadhi damu viko Kisumu, Nakuru na Eldoret, jambo la kukumbuka majeruhi wanapokuwa wengi.

Msitegemee sifa za hospitali. Pitieni kila moja mapema, mwulize msimamizi wa kasualti, yaani kitengo cha dharura: daktari wa upasuaji yupo usiku? Mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, inafanya kazi? Namba ya simu ya zamu ni ipi? Majibu hubadilika, kwa hiyo rudieni angalau kabla ya mvua za Machi na kabla ya msongamano wa Desemba.

Boda boda inafaa kubeba majeruhi?

Inafaa kwa wachache. Mtu wa kijani aliyevunjika kidole au aliyechanika kidogo anaweza kwenda kwa boda boda, na kwa kufanya hivyo anaacha nafasi kwenye gari. Asiyejitambua, aliyeumia mgongo, shingo, nyonga au paja, asipandishwe kamwe, hata akishikiliwa na mtu nyuma. Huko barabarani ataning'inia, njia yake ya hewa itajikunja, na mfupa uliovunjika utakata mishipa.

Kazi kubwa ya boda boda siku hiyo ni nyingine kabisa. Wao ndio wanaofika kwanza, wanajua njia za panya, na wanaweza kumleta muuguzi kutoka zahanati, kubeba machela na maji, kusimamisha magari kilomita moja kabla ya eneo ili yasigongane, na kupeleka ujumbe pale mtandao unapokufa. Kituo chenye vijana wanne waliofunzwa kuzuia damu ni hazina kwa kijiji. Wapeni mafunzo hayo kabla ya kununua chochote.

Machela hatuna. Tumbebeje?

Mlango, ubao mpana, au ngazi iliyofungwa blanketi juu yake. Magunia mawili imara yaliyotobolewa pembe na kupitishwa fito mbili ndefu ni machela ya kutosha kabisa. Blanketi zito pia hutosha, ikiwa watu sita wanakunja kingo zake na kuinua pamoja kwa hesabu ya mmoja. Kinachoumiza ni ule mtindo tuliouzoea wa mmoja kushika mikono na mwingine miguu, mwili ukapinda katikati.

Anayehofiwa kuumia shingo au mgongo, mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili na kukiweka sambamba na kiwiliwili, na yeye ndiye atoe amri ya kuinua. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja. Gari likiwaka moto au maji yakipanda, mtoeni vyovyote iwezekanavyo, maana uhai unatangulia mgongo.

Kwenye matatu au pikapu alazwe vipi?

Matatu ya viti kumi na vinne haina nafasi ya kulaza mtu mpaka viti vitolewe, na siku ya ajali hakuna mwenye spana mkononi. Ongeeni mapema na wenye magari mawili au matatu ambayo viti vyake vya nyuma hutoka haraka, au magari ya kubebea mizigo yenye sakafu bapa. Tandikeni godoro au nyasi kavu chini.

Asiyejitambua lakini anapumua, na hana dalili ya kuumia mgongo, alazwe ubavu ili matapishi yatoke nje. Kila mwekundu aandamane na mtu mmoja anayejua kutazama pumzi na kushikilia jeraha. Mmoja anatosha, jamaa watano wakijaza gari, nafasi ya majeruhi wa pili imepotea. Dereva awashe taa, aende kwa mwendo wa kadiri. Barabara kama ile ya Mau Summit hadi Salgaa imeshaua wengi, na gari lililojaa majeruhi likipata ajali ya pili, mmeongeza maafa.

Damu haisimami. Tufanye nini kabla ya gari kuondoka?

Kandamiza. Chukua kitambaa safi, leso, shati, chochote, weka juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu zako zote bila kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu.

Kama ni mkono au mguu na damu bado inaruka, funga mkanda mpana, si kamba nyembamba wala waya, sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, upande wa moyo, lakini usiufunge kwenye kiungo chenyewe cha goti au kiwiko. Pitisha kijiti na ukisokote mpaka damu isimame, kisha kifunge kisifunguke. Andika saa uliyofunga, kwenye paji la uso kama huna pengine, na usilegeze tena mpaka hospitali. Kutauma sana. Mwambie hivyo, na umwambie kwamba ndiyo dawa yenyewe.

Lori la mafuta likianguka?

Hapa nawasihi. Tarehe 31 Januari 2009 kule Sachangwan, karibu na Molo, lori la petroli lilianguka, watu wakaenda na mitungi, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja wakafa. Hakuna mpango wa usafiri unaoweza kubeba majeruhi wa moto wa namna ile. Hospitali za kaunti zina nafasi chache sana za kulaza walioungua vibaya, na wengine hulazimika kupelekwa hadi Nairobi.

Kwa hiyo mpango wenu wa lori la mafuta uanze kwa kuwafukuza watu. Nani atazuia barabara pande zote mbili? Nani atapaza sauti msikitini na kanisani? Mahali pa kupakia pawe upande upepo unakotoka, tena mbali. Simu zizimwe, sigara zizimwe, pikipiki zisiwashwe karibu.

Mtu akiungua, zima moto uliomshika, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida kwa dakika 20, vua pete na saa kabla vidole havijavimba, mfunike kwa shuka safi na umkinge na baridi. Usimpake siagi, dawa ya meno, unga wala asali. Aliyeungua usoni au aliyevuta moshi, sauti ikiwa imekwaruza, ni nyekundu hata kama anatembea, kwa sababu koo linaweza kuvimba na kuziba akiwa njiani.

Kwetu shida ni mafuriko. Barabara ikikatika tunasafirishaje?

Watu wa Ahero, Nyando na Budalangi wanalijua hili kuliko mwandishi yeyote. Nitasema tu yale ambayo kamati husahau.

Kwanza, chora ramani ya wakati wa maji, siyo ya kiangazi. Daraja lipi huzama kwanza? Mto ukifunga barabara, je, upande wenu una kituo cha afya au mmebaki na zahanati isiyo na daktari? Kijiji kilichokatwa na maji kinapaswa kupanga kumhudumia majeruhi pale pale hata siku nzima, na kwa hiyo kinahitaji akiba ya maji safi, bandeji, vitambaa na mtu mwenye ujuzi anayeishi upande huo.

Pili, panga mahali pa kubadilishia. Boti au mtumbwi unamleta majeruhi hadi nchi kavu, na hapo gari linasubiri. Mara nyingi boti hufika na gari halipo, au gari limezama kwenye matope likijaribu kusogea karibu mno na maji. Chagueni pahali palipoinuka, pa kokoto au lami, mpape jina moja linalojulikana na wote, na gari lisipite hapo.

Tatu, vyama vya wavuvi vya ufuoni, vile vinavyosimamia fukwe za ziwa, vina boti, injini na watu wanaoogelea. Waulizeni nani yuko tayari kutoka usiku, nani ana makoti ya kuokolea maisha, petroli inawekwa wapi. Majeruhi alazwe sakafuni mwa boti, kichwa kikiwa upande ulio mkavu, na asifungwe kwenye machela kwa kamba zisizofunguka haraka, maana boti likipinduka atazama nayo.

Nne, aliyetolewa majini mvueni nguo zilizolowa na mfunikeni. Aliyekuwa amezama akazinduka asibaki nyumbani hata akisema yuko salama. Mapafu yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Maji ya mafuriko yanayopita juu ya barabara yasivukwe kwa gari lenye majeruhi. Subirini, au geukeni.

Helikopta je?

Msiipange kama tegemeo. Ukungu wa Mau Summit na Timboroa, usiku na mvua huizuia, na hubeba wachache. Lakini muwe na uwanja tayari: wa shule au wa michezo, tambarare, upana na urefu wa mita 30 kwa uchache, bila nyaya za stima, bila mabati yaliyolegea, na vumbi limwagiwe maji. Watoto na mbuzi watolewe. Hakuna kuikaribia mpaka rubani atoe ishara, na mnaikaribia kutoka mbele anakowaona, kamwe si kutoka mkiani.

Tupige simu wapi, na tuseme nini?

999 au 112 kwa polisi na dharura, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu. Ongezeni namba ya kituo chenu cha ambulensi cha kaunti, na za kasualti mlizokusanya wenyewe. Ziandikeni kwa rangi ukutani mwa zahanati, ofisi ya chifu na kituo cha boda boda, kwa sababu simu yenye namba zote inaweza kuwa ndiyo iliyozama.

Anayepiga aseme mahali kwa alama zinazojulikana, kimetokea nini, waliozidiwa ni kama wangapi, kuna hatari gani bado, na njia ipi inapitika. Hili la mwisho husahaulika, na ambulensi hupoteza nusu saa ikiingia kwa upande uliozibwa na msongamano. Apige mtu mmoja aliyeteuliwa, na asikate mpaka aambiwe akate.

Hospitali ikidai malipo ya kwanza kabla ya kumpokea?

Hairuhusiwi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kutuliza hali ya mgonjwa na kumpangia rufaa, na hospitali yenye uwezo inayokataa inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu. Mwaka 2015 nchi nzima ilishtushwa na majeruhi aliyekaa kwenye ambulensi jijini Nairobi kwa takriban saa 18 akitafutiwa kitanda, naye akafa. Mlango wa hospitali si mahali pa kuanzia kesi, lakini mwenye kuandamana na majeruhi azijue sheria hizi, azitaje kwa adabu, aombe jina la msimamizi wa zamu, na aandike saa.

Na fomu ya P3? Polisi watanizuia mimi niliyembeba?

P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ni ya kesi, si ya kuingilia hospitali. Hujazwa baadaye. Madereva wengi huogopa kubeba majeruhi kwa kuhofia kuhojiwa, na hofu hiyo inagharimu maisha ya watu. Dawa yake ni lile daftari: limeandika kwamba gari namba fulani lilipakiwa na kamati, saa fulani, kwenda hospitali fulani. Alikeni afisa wa kituo chenu cha polisi kwenye kikao cha kupanga, awaambie madereva hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

Mafuta ya magari ya watu binafsi analipa nani?

Pangeni sasa, si siku hiyo. Njia iliyo rahisi ni makubaliano ya maandishi na kituo kimoja cha petroli, kamati ikiweka amana ndogo, na msimamizi wa upakiaji pekee akitoa karatasi yenye sahihi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeunda hazina ya dharura na magonjwa mahututi, lakini hiyo inahusu huduma za matibabu. Msimwahidi mwenye Probox kwamba atalipwa kutoka huko.

Jamaa watajuaje mtu wao alipelekwa wapi?

Tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi 14 walikufa katika mkanyagano wa Shule ya Msingi ya Kakamega. Wazazi walimiminika hospitalini kutafuta watoto wao mmoja mmoja. Mzazi asiyejua mwanawe yuko wapi ataziba lango la kasualti, naye ana haki ya kuhangaika. Kwa hiyo wekeni mtu wa pili mwenye nakala ya daftari, akae mbali na eneo, kanisani au ofisini kwa chifu, na jamaa wote waelekezwe kwake.

Ajali za magari ya matanga, kama ile ya Kisumu karibu na Mamboleo mnamo Agosti 2025, zina uchungu wa aina yake, kwani ndani ya gari wote ni ukoo mmoja. Jaribuni kutomtenganisha mtoto na mama yake ikiwa rangi zao zinaruhusu. Zisipofaa, andikeni namba ya mama kwenye tepu ya mtoto.

Picha za majeruhi zisirushwe WhatsApp. Hakuna mama anayestahili kumtambua mwanawe hivyo.

Waliofariki wasafirishwe lini?

Mwisho, kwa gari tofauti, baada ya polisi kuruhusu. Wafunikeni, wapeni namba kama wengine, na mzee mmoja akae nao. Gari la majeruhi lisipite mochari kwanza kwa sababu yoyote.

Mazoezi tufanye mara ngapi?

Mara mbili kwa mwaka inatosha kama ni ya kweli: Februari kabla ya mvua ndefu, na Novemba kabla ya safari za sikukuu. Tumieni vijana wa shule kama majeruhi, kila mmoja na karatasi inayosema ameumia wapi. Fanyeni mara moja usiku. Mtagundua tochi hazina betri, naibu msimamizi amehamia Eldoret, na ufunguo wa basi la kanisa uko kwa mtu aliyekwenda harusini. Hayo ndiyo mnayoyatafuta.

Baada ya safari ya mwisho kuna nini?

Magari yaoshwe kwa maji yenye dawa ya klorini, waoshaji wakiwa na glavu, na vitambaa vyenye damu vichomwe au vipelekwe hospitali. Msimamizi anapiga simu kila hospitali na kulinganisha orodha yake na yao, mpaka kila namba kwenye daftari ipate mahali. Siku chache baadaye kamati ikae na madereva na vijana waliobeba, waeleze walichokiona. Baadhi yao hawatalala vizuri kwa muda. Huduma za ushauri nasaha zinapatikana katika hospitali za kaunti, na mtu wa kamati aandamane na kijana hadi pale, asimwambie tu aende.